Miguu ya Pini Ilitazama Nje

Mkwe wangu ametundika vitabu vya katuni ukutani, pale ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Picha ya harusi yake na binti yangu iko chumbani nyuma ya mlango, imefunikwa na makoti. Simsemi vibaya. Ni mwanamume mzuri, hanywi, hapigi, na tuktuk yake anaiosha kila jioni kama anaogesha mtoto. Lakini ukiingia sebuleni kwake pale Junda unatazamwa na vitabu kumi na vinne, kila kimoja kimefungiwa ndani ya kasha jembamba la plastiki ngumu, na juu ya kila kasha kuna kijikaratasi chenye namba.

Mwanzo nilipoambiwa habari ya ile namba nilidhani ni bei. Binti yangu ndiye aliyenieleza. Kitabu kinapelekwa ng'ambo kwa kampuni, na huko wapo watu kazi yao ni kukikagua tu. Wanatafuta mkunjo, doa, mkwaruzo, kutu. Wakimaliza wanakipa maksi, mwisho kumi, kama mtihani wa shule. Kisha wanakifungia kwenye kasha, na siku utakayolipasua lile kasha, maksi zimekufa.

"Sasa kinasomwaje?" nikamuuliza.

"Hakisomwi, mama."

"Hata picha za ndani hawazioni?"

"Hawazioni."

Nilicheka mpaka bandeji ya jicho ikalegea, binti yangu akaja kuifunga upya huku ananigombeza.

Bandeji ilikuwa ya mtoto wa jicho. Macho yangu yote mawili yalikuwa yamefunga ukungu, watu nawajua kwa sauti na kwa mwendo, ndipo nikapasuliwa, jicho la kushoto kwanza halafu la kulia. Daktari akasema nisiiname, nisipulize moto, nisikae kwenye vumbi. Kwangu mashambani ni kuinama, moto na vumbi, hakuna kingine. Basi nikaletwa kukaa kwa binti yangu. Mie sikupenda, na nitawaambia kwa nini.

Kwetu sisi mama mkwe na mume wa bintiye hawachezi. Hatushikani mikono. Hatuli sinia moja. Hatutazamani machoni, na kitu kilicho mkononi mwake sikipokei mpaka kipitie kwa mtu mwingine. Siku hizi nawaona vijana wanawakumbatia mama wakwe zao nje ya kanisa, mbele ya watu, tena wanapigwa picha. Haya naiona mimi kwa niaba yao. Mkwe wangu kalelewa hivyo hivyo kama mimi, kwa hivyo tulipokaa nyumba moja yenye sebule moja, ilibidi tufanye mpango. Kiti changu kikageuzwa kikatazama ukuta. Yeye akiingia anaupa salamu mgongo wangu, nami naujibu ukuta. Tukitaka kuambiana jambo, binti yangu yuko katikati, hata kama sote watatu tumo chumba kimoja.

"Mwambie mama, chai iko tayari."

"Mwambie mumeo, ahsante."

Binti yangu anasema, "Mmesikiana," anaendelea kumenya vitunguu.

Basi huo ndio ukuta nilioutazama wiki tano. Na huo ndio ukuta wa kwanza niliouona sawasawa baada ya miaka, bandeji ilipotoka. Sijui kama mtu ambaye hajafungwa na ukungu atanielewa. Niliona kila kitu kwa ukali, mpaka nyufa za chokaa, mpaka miguu ya mjusi. Na katika vile vitabu kumi na vinne nikaona mambo.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini miaka kumi na tisa nimefanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji kule Changamwe, upande wa malori. Kazi yangu ilikuwa kukunja na kupiga pini. Karatasi ikitoka kwenye mashine ni kubwa kama shuka ya kitanda cha mtoto, ina kurasa nane mbele na nane nyuma, zingine zimesimama kwa kichwa. Unaikunja mara tatu, kila mkunjo unaupitisha kipande cha mfupa wa ng'ombe ili ulale. Ukikosea mkunjo wa kwanza kwa upana wa unywele, wa tatu umekwenda upana wa kidole. Kusoma kwenyewe nilijifunzia hapo, kwenye yale maputo ya maneno yanayotoka midomoni mwa watu wa katuni. Maneno mafupi, tena mtu akipigwa unaona kapigwa, akilia unaona analia, huhitaji mwalimu. Na kwa kuwa nasema kweli, niseme yote: nilikuwa nanusa ugoro. Ziko nakala hapa duniani zina kidole changu gumba cha rangi ya kahawia ukurasa wa pili. Hao wakaguzi wa ng'ambo wakiliona doa hilo waniite, nitawaambia ni ugoro wa nani.

Sasa mtu kama mimi ukimweka mbele ya vitabu wiki tano, macho mapya, hana la kufanya, ataona. Cha tatu kutoka dirishani, chenye maksi tisa na nusu, mgongo wake una vistari vitatu vyeupe karibu na pini ya juu, vyembamba kama unywele wa mtoto. Hapo rangi imepasuka kwa sababu mtu alikifungua akakilaza chali mezani. Cha saba kimekatwa kombo, ukingo wa juu unateremka. Cha kumi pini yake ya chini imeanza kuota kutu kwa ndani, kivuli chake kimepenya jalada. Hayo ni mambo madogo. Kitabu kinasomeka vizuri kabisa kikiwa nayo. Lakini kama umesema maksi ni kwa kukosa dosari, basi dosari ni dosari.

"Mwambie mumeo," nikasema jioni moja, "cha kumi kina kutu."

Nyuma yangu nikasikia kijiko kimesimama ndani ya kikombe.

"Mwambie mama," mkwe akasema polepole, "cha kumi kina tisa nukta sita."

"Mwambie namba sikuiuliza. Nimesema kutu."

Akaja akasimama kando ya ukuta, mimi nikainamisha uso kama inavyopasa. Akakitoa, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga, akamulika na tochi ya simu. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikitundika mahali pake. Siku ya pili akauliza kupitia kwa binti yangu, "Muulize mama, na cha tano je?" Basi tukawa hivyo. Kila jioni kitabu kimoja. Naweza kusema ndizo siku tulizozungumza zaidi kuliko miaka yote kumi na miwili ya ndoa yao, na hatukutazamana hata mara moja. Mara moja nilikosea. Nilisema cha pili kina ufa kwenye jalada, kumbe ulikuwa unywele umenata juu ya plastiki. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie mama ufa wake nimeupuliza umeondoka." Haya, na mie nilicheka. Kukosea nimekosea, sikatai.

Halafu likaja jambo lenyewe.

Mkwe wangu ana wenzake wa vitabu hivi, wanaandikiana kwenye simu. Mmoja wao, muuzaji wa Nairobi, akatangaza kwamba amepata nakala ya kitabu cha katuni cha hapa hapa kwetu, cha zamani, toleo la kwanza, lililochapwa Mombasa. Ng'ambo kimekaguliwa, kikapewa tisa nukta nane. Ati hakuna kingine chenye maksi hizo, na yuko Mzungu anayekitafuta kwa hali na mali. Mkwe wangu hakuwa na cha kukinunulia. Alikuwa na tuktuk. Yule muuzaji akasema tuktuk itafaa.

Asubuhi yake binti yangu alipokuwa anafunga kanga kiunoni aende sokoni ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Basi nitarudi kwenye mkokoteni." Yeye anauza vitunguu Kongowea. Alfajiri malori ya bara yakishusha, mumewe humbebea magunia kwa tuktuk mpaka kwenye kibanda chake, ndipo mume aende kutafuta abiria. Kabla ya tuktuk alikuwa anasukumiana na watu wa mikokoteni, na gunia moja lilipomwangukia lilimwachia mgongo ambao mpaka leo mvua ikija yeye ndiye anajua kwanza. Huo mgongo nimeuchua mimi kwa mafuta, mikono hii.

"Umemwambia?" nikamuuliza.

"Anasema Mzungu akikinunua tutapata tuktuk tatu."

"Na asipokinunua?"

Akavuta ushungi akatoka.

Jioni ile niliomba nionyeshwe hicho kitabu. Mkwe akampa binti yangu simu, binti yangu akanipa. Na mie moyo ukaruka. Jaladani chifu wa kofia ngumu ya duara kama kibuyu anakimbizwa na bata, suruali imekwama kwenye ua. Nikakijua. Kitabu kile nimekikunja mimi! Nikawaambia, mkwe akafurahi mpaka akasahau adabu akasema moja kwa moja, "Kweli, mama?" kisha akajirudi akamwambia mkewe, "Muulize mama kama ni kweli."

"Mwambie ni kweli. Mwambie anionyeshe mgongo wake."

Picha ya mgongo ilikuwapo. Pini mbili, zimelala nadhifu, bapa lake, ule upande usio na miguu, limetazama nje kama kitabu chochote. Nikaikuza ile picha kwa vidole kama nilivyoona watoto wanafanya. Nikaitazama sana. Nikairudisha.

"Mwambie mumeo kitabu hicho kimefunguliwa pini kikapigwa upya."

Ilibidi niwaeleze, na nyinyi nawaeleza. Juma tulilolifanya toleo lile, mashine ya pini ilikufa kabla ya nakala ya kwanza. Hewa ya chumvi ilikuwa imekula kile kichwa cha kusukumia waya. Lori la kwenda bara lilikuwa linangoja, na fomeni, msimamizi wetu, akasema pigeni kwa mkono. Tulikuwa wanawake saba. Tukapewa mbao, shazia la kutobolea, ile sindano nene ya magunia, na pini zilizokwisha kukunjwa. Fomeni akaenda kuhangaikia fundi wa mashine mjini. Hakutuonyesha tuanze upande gani. Sasa sisi sote saba tumezaliwa nyumba za makuti, na tangu utotoni tumeshona makuti. Unakaa chini, unaliweka kuti uso wake wa ndani juu, sindano inaingia kwa ndani inatokea nje, na mwisho wa kamba unauacha nje. Hakuna aliyesema tufanye hivyo. Mikono ilifanya. Tukavifungua vitabu katikati, tukatoboa kwa ndani, tukasukuma pini kwa ndani, na miguu ya pini ikatokea mgongoni. Tukaikunja kwa mgongo wa kijiko, tena tukaikunja kuelekea nje, mguu mmoja juu mmoja chini, maana makuti ukikunjia ndani yatafumuka. Siku mbili tulifanya hivyo. Nakala zote. Fomeni aliporudi alishika kichwa. Akapiga kelele, akaita mababu zake. Lakini dereva wa lori alikuwa anapiga honi, basi zikapakiwa hivyo hivyo. Wauzaji walilalamika kwamba pini zinawachana vidole. Toleo la pili mashine ilikuwa imepona, na kosa hilo halikurudiwa.

Kwa hivyo nikasema, na nasema tena: toleo la kwanza la kitabu kile, miguu ya pini inatazama nje. Ukiona bapa limetazama nje, kuna mtu kalitengeneza.

Mkwe wangu akasema, "Mwambie mama wale watu wana darubini. Wana taa za rangi. Na mwambie, ule ufa ulikuwa unywele."

Niliumia, lakini ilikuwa haki yake, unywele ulikuwa unywele.

Muuzaji alikuja Jumamosi, saa nne asubuhi. Kijana wa viatu vinavyong'aa, vumbi la Junda likamkaa mpaka magotini. Alivaa glavu nyeupe kukitoa kitabu kwenye mkoba. Mimi nilikuwa nimeambiwa nikae chumba cha ndani, na ndivyo desturi inavyotaka, wanaume wakifanya mapatano mama mkwe hayupo. Nikakaa kitandani. Niliwasikia wanasifiana. Nilisikia logibuku ya tuktuk, ile hati ya umiliki, inawekwa mezani, maana mkwe aliitunza kwenye bahasha ya nailoni, na nailoni ina sauti yake. Binti yangu alikuwa mlangoni, ameegemea fremu, mkono mmoja umeshika kiuno chake kwa nyuma, pale pale pa gunia.

Nikatoka.

"Binti yangu, mwambie mumeo anipe kitabu nikione."

Mkwe akainamisha uso. Yule kijana akacheka kwa upole. "Shosho, hii si ya kushikwa shikwa."

"Shosho ni nani? Mimi bibi yako? Hapa umeingia kwa watu, hata shikamoo hujatoa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kitabu."

"Mama, hiki kimeshakaguliwa na wataalamu. Tisa nukta nane. Hakuna dosari ya kuonekana kwa macho."

"Kwa macho ya nani?"

"Buda," akamgeukia mkwe wangu, "si tumalizane? Niko na safari."

Mkwe alikuwa amelishika kasha kwa mikono miwili. Nikamwambia binti yangu amwambie aligeuze mgongo, alipeleke kwenye mwanga wa mlango. Binti yangu akasema. Mkwe hakusogea. Nikamwambia binti yangu tena. Akasema tena, na sauti yake ikakatika katikati. Mkwe hakusogea. Akachukua kalamu atie sahihi.

Basi nikafanya nililofanya. Nilitembea hatua nne, nikamtazama mkwe wangu usoni, machoni, kwa mara ya kwanza tangu amchukue binti yangu. Ana macho mazuri, sikujua. Nikanyoosha mkono nikalichukua lile kasha kutoka mkononi mwake.

"Wewe," nikamwambia. "Njoo hapa."

Sikumwambia mwambie. Nilimwambia yeye. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyemwagiwa maji. Lakini alikuja. Akili yake ilikuwa imepigwa na bumbuwazi, miguu ikamleta yenyewe.

Nikaligeuza kasha mlangoni, jua likapiga mgongo wa kitabu kwa ubavu. Kwa mbele huoni kitu. Kwa ubavu unaona. Nikaweka ukucha juu ya plastiki. "Tazama juu ya pini hii. Tazama chini yake. Kuna nini?"

Alisogeza uso. Yule kijana naye akaja.

Kulikuwa na vijistari, urefu wa punje ya mchele, kimoja juu ya kila pini na kimoja chini yake. Vimepigwa pasi vikalala, lakini rangi imekatika, na ndani ya mkatiko mna wekundu kidogo wa kutu. Vinne. Vile vile vinne, pale pale nilipojua vitakuwa, kabla sijaliona lile kasha kwa macho yangu.

"Hapa miguu ililala miaka," nikasema. "Mtu kaing'oa pini akairudisha kwa upande mwingine ili kitabu kipendeze. Wakaguzi wameona pini safi wakakipa maksi za pini safi. Hawakujua kitabu hiki hakipaswi kuwa na pini safi."

Mkwe akamwangalia muuzaji. "Ulisema hakina alama yoyote."

"Aah, hivyo? Hivyo ni vitu vya kawaida, buda. Hizo ni alama za kiwandani."

"Kiwandani nilikuwa mimi," nikasema.

Kijana akacheka, lakini si kile kicheko cha kwanza. "Mathe, na heshima zote, unataka niamini nani? Kampuni yenye mashine, ama nyanya ametoka kupasuliwa macho?"

"Amini unayemtaka. Hiyo tuktuk si yako bado."

"Hata kama pini zimeguswa, maksi ni maksi. Mzungu ananunua maksi."

Hapo mkwe wangu alitazama chini. Nilijua anachopima. Yule kijana hakuwa amesema uongo, huenda Mzungu angenunua namba bila kujua. Mkwe angeweza kusema haya, nipe, tumuuzie mjinga mwingine. Nikangoja. Binti yangu naye alingoja, ameshika kiuno. Mkwe akalichukua kasha kutoka mkononi mwangu, yeye mwenyewe, vidole vyetu vikagusana, haya tupu, akampa yule kijana.

"Leo tuktuk haitoki," akasema.

Kijana akavua glavu. Akasema jioni haitafika kabla hajapata mnunuzi mwingine Nyali. Labda alipata. Akasema mkwe wangu atajuta kwa kumsikiliza nyanya wa mashambani. Nikamwambia njia ya barabarani ni upande wa kulia, na akiona mbwa asikimbie.

Nyinyi mnadhani nilishukuriwa. Mkwe wangu hakunisemesha siku nane, wala mimi wala ukuta. Alikuwa ameona vile vistari kwa macho yake na hakusema hapana. Lakini kumwacha mama mkwe amtazame usoni mbele ya mgeni, amwite wewe, amnyang'anye kitu mkononi, kwa mwanamume wa kwetu hilo ni jambo linalolala naye kitandani. Nililijua kabla sijatoka chumbani. Nilichagua.

Jumapili ya pili baada ya kanisa wakaja ami zake wawili kutoka Kaloleni, na fimbo zao, wakakaa sebuleni. Niliketi na kiti changu kimetazama ukuta, nao wakausemesha mgongo wangu. Walisema vizuri, sikuwaona na kosa. Walisema nimevunja heshima ya mkwe, na kwamba kuku atatolewa ili nyumba itulie. Nikasema kuku nitatoa, nimekosa, sikuletwa na shetani, nilitembea kwa miguu yangu.

Mkubwa wao akakohoa. "Na yale maneno ya kitabu, shemeji, uyarudishe. Sema macho yalikuwa bado mapya. Kijana wetu apumzike. Sasa hivi anajiuliza kama alipoteza mali ama hakupoteza."

"Kwani yeye anasemaje?"

"Hasemi kitu."

"Basi mimi nasema. Kumtazama usoni nilikosa, na kuku ni wa hapo. Kumnyang'anya nilikosa, mkitaka ongezeni kuku wa pili. Lakini pini zile nilizipiga mimi na wenzangu sita, na miguu yake tuliitoa nje. Hilo sirudishi. Mkileta wale wakaguzi wote wa ng'ambo na darubini zao wakae hapa mlipokaa nyinyi, nitawaambia hivyo hivyo, na kuku siwapi, hata unyoya."

Nikasikia mmoja anajikuna. Kisha nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, sauti ya mkwe wangu, ya kwanza baada ya siku nane.

"Mwache mama," akamwambia ami yake. "Vistari nilivihesabu mwenyewe."

Kuku alikuwa mweupe, nilimnunua Kongowea, binti yangu akamleta kwa tuktuk juu ya magunia ya vitunguu. Walimchinja wao, wakamlia sebuleni, na mimi nikamlia jikoni kama inavyopasa. Nilichagua paja.